Usiku wa fataki, mbwa asifungwe mnyororo

Mhariri,

Mkesha wa Mwaka Mpya unakaribia, na wengi watamwacha mbwa kwenye mnyororo uani fataki zikilipuka saa sita usiku. Hapo ndipo anapojinyonga akijaribu kukimbia, au anaruka ukuta na kupotea. Sikio lake hunasa sauti nyembamba hadi takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000. Letu huishia 20,000.

Mtembezeni kabla ya jua kuzama, ajisaidie, ale mapema. Saa mbili usiku aingizwe chumba cha ndani, madirisha na mapazia yafungwe, taa na redio viwashwe. Mtandikieni chini ya meza shuka lenye harufu yenu, maji yawe karibu. Akijificha, msimvute. Akiwajia anatetemeka, mpapaseni. Si kweli kwamba kumbembeleza kunamwongezea hofu.

Dawa ya binadamu msimpe kabisa. Hata asepromazini, dawa ya mifugo ya kutuliza, ikitumika peke yake, hulegeza mwili tu: mbwa amelala kimya, macho kayatoa, hofu iko palepale. Muoneni daktari wa mifugo wiki mbili kabla, si tarehe 31 jioni.

Wahudumu wa mifugo,
Dar es Salaam