Njaa ya Ukraine ya 1932 na 1933 haikuletwa na ukame

Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya Waukraine ilieleza kuwa njaa ya 1932 na 1933, ambayo wenyewe huiita Holodomor, ililetwa na ukame. Maelezo hayo si sahihi, na yanawakosea mamilioni waliokufa. Ni kweli kwamba mavuno ya 1932 yalikuwa hafifu, lakini kilichoua ni amri za serikali ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti uliotawala Ukraine wakati huo. Sheria ya Agosti 7, 1932 ilimhukumu kifo, au kifungo cha miaka 10, hata mtu aliyeokota masuke machache kwenye shamba la pamoja. Kijiji kilichoshindwa kutimiza kiwango cha nafaka kilichotakiwa na serikali kiliandikwa kwenye "ubao mweusi": hakikuletewa tena chumvi, mafuta ya taa wala kiberiti, na wasakaji wakaingia nyumba kwa nyumba wakichukua hadi viazi na maharage. Januari 22, 1933 wakulima wakazuiwa kutoka Ukraine kwenda kutafuta chakula kwingine. Muda wote huo nafaka iliendelea kuuzwa nchi za nje. Ukame haufungi barabara.

Naomba mchapishe masahihisho, na kuanzia sasa muandike "njaa iliyosababishwa na serikali". Nafasi nzuri ya kulieleza suala hili kwa kina ni Jumamosi ya nne ya Novemba, Waukraine wanapowasha mshumaa dirishani jioni kuwakumbuka wafu hao, hata katika miji ambayo vita vya sasa vimeikatia umeme.

Msomaji wenu,
Morogoro