Kwa Nini Ankara ya Umumunyifu Ina Siku Tatu za Kutikisa Chupa

Mteja mmoja ametuandikia kwa uchungu kwamba tumemtoza siku tatu za "kutikisa chupa tu", na kwa kuwa si wa kwanza kulalamika hivyo, tumeona tueleze kinacholipiwa katika maabara yetu, inayopima umumunyifu, yaani kiasi cha dawa kinachoweza kuyeyuka katika kimiminika.

Parasetamoli ya maji ya watoto huuzwa sana kwa kipimo cha miligramu 120 katika mililita 5, yaani gramu 24 kwa lita, ilhali maji matupu yenye nyuzi joto 25 humumunyisha takribani gramu 14 tu. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka dawa angavu huongeza propileni glikoli au gliseroli, vimumunyishi (vimiminika vya kuyeyushia dawa) vinavyochanganyika na maji, na anachotuuliza ni kiasi gani. Akipunguza, fuwele zitajitenga. Akizidisha, atamnywesha mtoto kimumunyishi asichokihitaji.

Njia ya mkato inayopendwa ni kupasha moto, kutia unga kidogo kidogo hadi ukatae kuyeyuka, kisha kuandika namba. Mteja wetu mmoja wa zamani alifanya hivyo baada ya kuikataa bei yetu. Dawa ilikuwa safi kabisa Dar es Salaam, lakini makatoni yaliyopelekwa Njombe wakati wa baridi yalirudi na fuwele zimeng'ang'ania chini ya chupa, na hasara ya mzigo ule ilizidi mbali ankara aliyoikimbia.

Sisi hutia unga kupita kiasi, tukatikisa chupa katika hodhi la maji la nyuzi 25, na hatuachi hadi vipimo vya nyakati tofauti vilingane. Kichujio huwekwa kwenye joto lilelile la sampuli, matone ya mwanzo humwagwa kwa sababu utando wa kichujio hunyonya dawa, na kinachofuata huzimuliwa papo hapo kabla ya kusomwa kwenye spektrofotomita, mashine inayopima kiasi cha dawa kwa mwanga. Unga uliobaki nao hukaguliwa, kwani karbamazepini, dawa ya kifafa, kwa mfano, ikikaa majini hugeuka dihaidreti, yaani fuwele zilizoshika maji ndani yake, yenye umumunyifu mdogo zaidi, na asiyeangalia atadhani bado anapima dawa aliyoinunua.

Wengine hutaka tupime umumunyifu katika maji matupu na katika kimumunyishi kitupu, halafu kompyuta ikadirie michanganyiko ya katikati. Kanuni ya Yalkowsky huunganisha ncha hizo kwa mstari mnyoofu wa logi (logariti ya umumunyifu), nayo inafaa kwa makadirio ya awali. Hata hivyo, parasetamoli humumunyika zaidi katika ethanoli yenye maji kiasi kuliko katika ethanoli tupu, na kilele hicho hakimo kwenye mstari. Modeli ya Jouyban na Acree, kanuni nyingine ya hesabu, hukifuata, ila kwanza ilishwe nukta za katikati, yaani vipimo vya michanganyiko yenyewe, na kila nukta ni chupa zake, unga wake na mtu wa kuisimamia.

Anayetaka nukta chache atapunguziwa bei, na ripoti itasema wazi ni wapi tumepima na ni wapi tumekadiria. Muda wa kutikisa hatuupunguzi.