Barua ya wazi kwa vijana wanaoutaka udiwani wa kata za pembezoni mwa Dar es Salaam

Wanangu,

Nawasikia mnavyojipanga, na nafurahi kwa dhati. Goba, Kivule, Chanika na Chamazi zinajengwa haraka kuliko zinavyopangwa, na zinahitaji madiwani wenye nguvu ya kufuatilia. Kinachonitia wasiwasi ni hotuba zenu: lami, lami, lami. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Diwani anaweza kuomba, kusukuma na kufuatilia, ila fungu la lami halimo mkononi mwake. Ukiiahidi jukwaani, umeahidi mali ya mwenzio.

Nguvu yenu iko kwenye mchoro wa mipango miji, hasa katika urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima eneo lililokwisha kujengwa bila mpango ili wakazi wapate hati. Wananchi huunda kamati ya mtaa, hali halisi hupimwa, mchoro huandaliwa ukionyesha viwanja, njia na maeneo ya huduma, kisha unapitia halmashauri na kupelekwa kuidhinishwa na Wizara ya Ardhi. Baada ya hapo ndipo huwekwa mawe ya mipaka, ramani ya upimaji ikaidhinishwa, na mtu akaanza kuombea hati. Kinachoharibika ni mpangilio huo. Kampuni ya upangaji na upimaji huchangisha fedha, huweka mawe, halafu mchoro hukwama bila idhini. Mwananchi anabaki na jiwe uani na stakabadhi mfukoni, na hati hana. Kwa hiyo, kampuni ikija kwenye kata yako, dai karatasi tatu: mkataba wenye muda wa kumaliza, mchoro wenye muhuri wa idhini, na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Michango ya wananchi ilipwe kwa hatua, kila hatua ikikamilika.

Mchoro wenyewe uangalieni kwa jicho la njia. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, na gari la kunyonya majitaka halitofautiani nalo sana. Uchochoro wa mita 2 haupitishi hata moja ya magari hayo. Nyumba ikishika moto, maji hayafiki. Choo kikijaa, mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa ili akitapishe, na uchafu unaingia kisimani kwa jirani. Kumwomba mtu aachie mita moja ya ua kabla ya mchoro kupita ni mazungumzo ya jioni moja barazani, mbele ya mjumbe. Ukisubiri mpaka ajenge ukuta wa tofali, hapo pana fidia, kesi na uadui wa miaka. Ombeni na kiwanja cha shule, zahanati na makaburi wakati bado pana mashamba. Ardhi ya umma haipatikani tena eneo likishajaa.

Mabondeni msiwe na huruma ya kura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto Msimbazi umeshatufundisha vya kutosha kwa mafuriko yake pale Jangwani. Huku juu, mchanga ukichotwa mtoni, kingo humeguka na mto hupanuka, hadi nyumba iliyojengwa mbali ikajikuta ukingoni. Diwani anayenyamazia malori ya mchanga anawauza wapiga kura wake mwenyewe.

Ukiingia kwenye baraza la madiwani, omba kuwekwa katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Wengi huikimbia kwa sababu makabrasha yake ni mazito. Humo ndimo yanamopita maombi ya kubadili matumizi ya ardhi. Eneo la wazi haliporwi usiku kwa panga, linaondoka mchana kwa ajenda ya mistari miwili ambayo hakuna aliyeisoma. Chukua namba ya kiwanja, nenda ukakione, uliza majirani kama waliona tangazo. Ukiwa na maslahi katika jambo hilo, tamka na utoke nje.

Bajeti nayo ina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makadirio huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, na vipaumbele hutoka mitaani kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kumlilia mkurugenzi mwezi Mei ni kupoteza nauli.

Kuhusu fomu nitasema machache. Uwe na miaka 21, uteuliwe na chama, kwa kuwa mgombea binafsi bado hayupo katika sheria zetu, na majina yako yafanane kwenye kila karatasi. Herufi zimewaangusha watu waliokuwa wanapendwa.

Msisubiri kampeni. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae nyuma na daftari. Kisha mwombeni afisa mipango miji nakala ya mchoro wa mtaa wenu, mkautembelee kwa miguu, mkitia alama kila mahali ambapo karatasi inaonyesha njia na macho yanaona ukuta.

Mzee wenu