Barua ya malalamiko: petroli yenye maji, na jibu kwamba gari langu ni kuukuu

Malindi,
27 Mei 2024.

Kwa Meneja,
Kituo cha Mafuta,
Malindi.

Bwana Meneja,

YAH: PETROLI ILIYOCHANGANYIKA NA MAJI

Kwa heshima naleta malalamiko yangu kuhusu lita 30 za petroli nilizouziwa kituoni kwenu asubuhi ya Jumamosi, tarehe 18 Mei, na zaidi kuhusu jibu nililopewa siku mbili baadaye na msimamizi wenu wa zamu, kwamba kosa ni la gari langu kwa kuwa ni kuukuu. Nakala ya risiti nimeiambatisha.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, na wengi hapa mjini wanalijua kwa kuwa hubeba maharusi. Asubuhi hiyo lilikuwa limepambwa vikuba vya asumini, nami nilikuwa nakwenda Mambrui kumchukua bibi harusi. Kabla sijafika daraja la Sabaki injini ilianza kukohoa, ikawa mara inashika nguvu, mara inapoteza, kisha ikazima kabisa. Bibi harusi aliishia kupanda Probox ya binamu yake, na mimi nikavutwa kwa kamba hadi Malindi nikiwa nyuma ya usukani wa gari lililojaa maua.

Sikukimbilia kuwalaumu. Mwenye gari la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hulazimika kujifunza kutafuta kosa kwa utaratibu, na la kwanza ni kujua kama injini imekosa moto au imekosa mafuta. Fundi alichomoa plagi moja, akaigusisha na chuma cha injini, akapiga stata; cheche ya buluu ikaonekana wazi, kwa hiyo koili na pointi, zinazotengeneza moto huo, hazikuwa na neno. Kisha nikashuku joto, maana pampu ya gari hili imefungwa ubavuni mwa injini, na jua letu huweza kuchemsha petroli ndani ya bomba hata pampu ikawa inavuta mvuke mtupu. Lakini ugonjwa huo huondoka injini ikipoa, nasi tuliifunika pampu kwa kitambaa kibichi tukangoja karibu saa nzima bila nafuu yoyote. Tulipolegeza bomba linaloingia kwenye kabureta na kupiga stata tena, mafuta yaliruka kwa nguvu; basi pampu nayo ilikuwa nzima.

Ndipo tukafungua kabureta. Chini ya bakuli lake kulikuwa na matone ya mviringo yaliyokimbia huku na huku kila tulipoliinamisha, na moja lilikuwa limekaa juu ya tundu la jeti kuu, linalopitisha petroli kwenda kwenye injini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na huko chini ndiko jeti inakovuta. Tone likishaziba tundu lisilofika milimita 2 kwa upana, injini haina cha kuchoma.

Mafuta ya kwanza kutoka kwenye tangi tuliyakinga kwa chupa ya kioo. Baada ya dakika kumi yaligawanyika, petroli juu na tabaka jingine chini, kimo chake vidole viwili. Ili nisije kuambiwa kwamba ni macho yangu ya uzee, nilitia chembe za rangi ya chakula, ile ya unga tunayotia kwenye wali wa biriani, ambayo haiyeyuki katika petroli. Zilipita petroli yote bila kuacha alama, na zilipogusa tabaka la chini zikaenea, likawa rangi ya chungwa. Chupa hiyo ninayo, nimeifunga, na mnaweza kuiona wakati wowote.

Msimamizi wenu hakutaka kuitazama. Aliniambia kwamba magari ya zamani hayawezi petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini tangu mwanzo wa mwaka 2006, na gari hili limekuwa likinywa hiyo isiyo na risasi miaka yote hiyo. Isitoshe, madhara ya kukosa risasi hula vikalio vya vali, pale vali za injini zinapofungia, polepole. Hayazimi gari kabla ya daraja la Sabaki. Kuhusu uzee, Peugeot 404 ndiyo iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika tope ambalo msimamizi wenu hajaliona. Tena tangi langu lilioshwa mwezi wa Februari, gari hulala chini ya paa, na wiki yote kabla ya hapo lilitembea bila shida kwa mafuta ya kituo kingine. Vijana wawili wa tuktuk waliojaza kwenu asubuhi ileile walikutwa na hayo hayo, na tuktuk zao si kuukuu.

Mvua za masika mwaka huu zilikuwa nyingi mno, na naelewa kwamba maji huweza kupenya kwenye mfuniko wa tangi la ardhini bila mtu kukusudia. Hilo ningelisamehe. Kinachoniudhi ni kwamba lingeweza kujulikana kwa kupaka ile dawa ya kupimia maji kwenye fimbo ya tangi na kuona kama inabadilika rangi, kazi ya dakika mbili, lakini badala yake nilichekwa mbele ya wateja.

Naomba mnirudishie bei ya lita 30, pamoja na shilingi 3,500 za kuvutwa na shilingi 4,000 za fundi, na tangi lenu lipimwe mimi nikiwapo. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka risiti na chupa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli.

Wenu katika biashara,
Mwenye Peugeot 404 nyeupe,
Shela, Malindi.