Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Uchukuzi, Zanzibar: ardhi ipimwe kabla ya reli kuchorwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Kwa heshima na taadhima, naomba iwapo Serikali itafikiria siku moja kuirejesha treni Unguja, mtikisiko wa ardhi ukadiriwe mapema, kabla njia haijapangwa. Reli ya zamani iliyotoka mjini hadi Bububu isitupe imani kwamba jambo hili tumeshalizoea.

Treni hutikisa ardhi kwa uzito wake, kwa kasoro ndogo za magurudumu na reli, na kwa mpangilio wa mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli kuibeba. Mataruma yakiachana kwa sentimita 60, treni inayokwenda kilomita 72 kwa saa huyapita kiasi cha 33 kila sekunde, na sakafu ambayo kwa asili yake hutikisika mara hizohizo kwa sekunde itazidi kutikisika. Lakini mwamuzi mkubwa ni ardhi yenyewe. Kule Ledsgård, Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1990, treni za kilomita 200 kwa saa ziliufikia mwendo wa mawimbi yanayosafiri kwenye udongo laini, tuta la reli likatikisika kupita kiasi, hadi ardhi ikabidi iimarishwe kwa chokaa na saruji. Hapa hakuna atakayekwenda mwendo huo. Hata hivyo Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ni mkono wa bahari uliofukiwa, na hatua chache tu kutoka hapo zipo kuta za mawe na chokaa zilizobebeshwa boriti za mikoko. Makadirio ya mji mwengine hayawezi kutufaa.

Kanuni ya Ujerumani, DIN 4150, huyawekea majengo ya kale mwongozo kwamba kasi ya mtikisiko kwenye msingi isizidi milimita 3 kwa sekunde, kwa mitikisiko inayojirudia mara chache kwa sekunde. Binadamu huhisi chini sana ya hapo, kwa hiyo malalamiko ya mkaazi si ushahidi kwamba nyumba inaharibika. Na tuseme kweli, nyufa nyingi za Mji Mkongwe ni za mvua inayovuja paani. Ndiyo maana zipigwe picha kabla ya kazi kuanza.

Ardhi igongwe kwa uzito unaojulikana katika njia inayopendekezwa, mtikisiko urekodiwe kwa umbali tofauti, msingini na ghorofani, kisha hesabu ya treni ijengwe juu ya vipimo hivyo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ishirikishwe, na matokeo yafikishwe kwa masheha kabla zabuni haijatangazwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Mji Mkongwe