Shukrani kwa mama aliyeokota daftari letu

Mama, jina lako silijui. Kijana wa tiketi pale stendi ya Moshi aliniambia tu kwamba ulivaa kitenge cha bluu na ulikuwa na haraka.

Jumamosi nilishuka kwenye Kosta ya kutoka Arusha nikaacha daftari kwenye kiti. Humo mlikuwa na mashairi ya watu 11, yakisubiri kuchapwa kwenye jarida letu dogo. Baadhi yao ni wazee wa Kibosho na Marangu, wanaandika kwa kalamu na hawabaki na nakala. Likipotea, limepotea. Usiku ule sikupata usingizi, nikiwaza nitamtazamaje babu aliyenikabidhi utenzi wake kwa mikono miwili.

Kesho yake nikalikuta kwenye dirisha la tiketi, limefungwa kwa mpira, halina hata ukurasa uliokunjwa. Asante sana, mama. Asante mno.

Halafu nilipofungua nikaona umelisoma! Pembeni ya shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti, kwa penseli hafifu, umeandika: “Mizani 7.” Nikahesabu silabi kwa vidole: ka-ha-wa-ya-cha-nu-a. Kweli, 7, na mistari mingine yote ina 8 kila kipande. Chini yake umependekeza “Kahawa imechanua.” Mimi mhariri nililipitia mara tatu na sikuliona. Mwenye shairi nilipomsomea alinyamaza kidogo, akasema, “Huyo ni mshairi.”

Toleo likitoka, nakala yako nitaiacha kwa yule kijana dirishani. Ukiwa na mashairi yako, mama, tafadhali mwachie hapohapo. Tunayasubiri.