Salamu za Krismasi kwa mlio mbali

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe! Nawasalimu nyote, mlio Rungwe na Mbeya mvua ikiwanyeshea, na mliotawanyika kutafuta riziki.

Mwaka huu salamu zangu zinapitia Herrnhut, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Sisi Wamoravian, kanisa letu lililoanzia huko, tunautaja kila mara, ila wengi wetu tunajua jina tu. Ulianzishwa na wakimbizi. Juni 1722 seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza kwenye ardhi ya kabaila kijana, Zinzendorf, aliyewapokea watu waliotoroka Moravia, sehemu ya Czech ya leo, kwa ajili ya imani yao. Mwaka 1732, hata mji haujakaa sawa, tayari wanatuma wamisionari kwa watumwa wa visiwa vya Karibi! Zamu ya Rungwe ikafika 1891.

Ni mji usiopenda makuu. Kanisa ni jeupe ndani, mabenchi meupe, halina mapambo. Liliungua vita vilipokuwa vinaisha, Mei 1945, wakalijenga upya. Makaburini mawe yamelazwa chini, yanafanana, tajiri na maskini. Isipokuwa Zinzendorf na jamaa zake, ambao makaburi yao ni makubwa, tena katikati. Ndiyo binadamu.

Lakini ninachotaka kuwasimulia hasa ni ile nyota ya karatasi inayotundikwa wakati wa Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. Haikutoka kwa mchungaji wala mchoraji. Ilitoka kwenye somo la hesabu, shule ya bweni ya Wamoravian mjini Niesky, mwanzoni mwa karne ya 19. Ncha 25: 17 zenye kitako cha pembe nne, 8 za pembetatu, karatasi tupu, na taa katikati. Watoto wa wamisionari, wazazi wako ng'ambo, walikaa bwenini Jumapili ya kwanza ya Majilio wakikunja na kugundisha nyota zao. Tunawashukuru sana wazazi wale kwa kutuletea Injili. Wale watoto hatuwataji kabisa.

Basi nyie mlioacha watoto kwa bibi, au shuleni, wapigieni. Msitume hela tu. Na asiyepata nafasi tarehe 25 asikate tamaa: Herrnhut nyota haishushwi mpaka Epifania, Januari 6, kwa hiyo simu ya tarehe 3 nayo ni ya Krismasi.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, nyote na wa kwenu.